Proteasi, vizuizi vyake na kinga ya mwili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Malindi na Lamu

Proteasi ni nini hasa?

Ni vimeng'enya vinavyokata protini. Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino, na proteasi hukiachanisha kiungo kimoja cha mnyororo huo kwa kukitilia molekuli ya maji. Wengi tulizisoma shuleni kama mambo ya tumboni tu: pepsini ya mfuko wa chakula, tripsini ya kongosho. Lakini nyingi za mwilini hazigusi chakula hata kidogo. Zimo ndani ya seli nyeupe za damu, kwenye majimaji ya damu, kwenye ngozi na makohozi, na kazi yake ni kuua vijidudu, kuamsha ishara za homa na uvimbe, kugandisha damu na kuondoa nyama iliyokufa.

Huainishwa kwa kile kinachokata: serini, sisteini, asidi ya aspatiki au madini ya zinki. Ushike mgawanyo huu, maana dawa inayozuia kundi moja kwa kawaida haigusi kundi jingine, na majibu kadhaa hapa chini yanategemea hilo.

Kinga ya mwili inazitumiaje?

Nyutrofili, seli nyeupe zinazofika kwanza kwenye kidonda, zimejaa vifuko vyenye elastasi, katepsini G na proteasi 3. Seli ikimeza bakteria, vifuko hivyo humwagwa juu yake.

Katika damu kuna mfumo wa komplimenti, protini zaidi ya 30, ambazo kadhaa ni proteasi zilizolala. Ya kwanza ikiamshwa huikata ya pili, ya pili huikata ya tatu, mpaka protini iitwayo C3 ikatike vipande viwili. C3b hujibandika juu ya kijidudu kiwe rahisi kumezwa. C3a huita seli nyingine. Damu ina takriban gramu 1 ya C3 kwa kila lita, kwa hiyo cheche ndogo inatosha kuzaa moto mkubwa.

Ndani ya kila seli kuna proteasomu, mashine inayosaga protini zilizochakaa pamoja na zile za virusi. Vipande vya asidi amino 8 hadi 10 hupandishwa juu ya seli vionekane. Seli T, aina ya seli nyeupe za damu, ikiona kipande kigeni huitoboa seli ile na kuitia granzaimu B, proteasi inayoilazimisha ijiue. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2004 kwa kueleza jinsi protini zinavyotiwa alama ya kupelekwa huko kusagwa.

Hata homa ina mkono wa proteasi. Interlukini-1 beta, inayoupandisha mwili joto, hutengenezwa ikiwa haifanyi kazi mpaka ikatwe na kaspasi-1.

Kama zina kazi nzuri hivyo, vizuizi ni vya nini?

Kwa sababu elastasi haichagui. Inayokata ukuta wa bakteria ndiyo hiyo hiyo inayokata nyuzi za mapafu yako. Kila proteasi ya kinga ina kizuizi chake karibu nayo, na mtu mwenye afya ni yule ambaye viwili hivi vinakwenda sambamba. Hili ndilo tunaloomba msomaji aondoke nalo hapa hata akisahau mengine yote: kinga ya mwili si suala la kuwa na vimeng'enya vingi. Magonjwa mengi tunayoyaeleza hapa ni ya proteasi zilizokosa mzuiaji, au za mzuiaji aliyekosewa mahali.

Kizuizi kinachojulikana zaidi ni alfa-1 antitripsini, kinachotengenezwa na ini. Kina kitanzi kilichojitokeza nje kama chambo. Elastasi ikikiuma, kitanzi hukunjamana ghafla na kuingia ndani ya mwili wa kizuizi, kikiiburuta elastasi hadi upande wa pili na kuivuruga umbo. Zote mbili huharibika pamoja na kuondolewa na ini. Ni moja kwa moja: kizuizi kimoja humaliza proteasi moja, na hakitumiki tena. Ndiyo maana ini halina budi kukitengeneza kila siku.

Kuvuta sigara kunaingiaje hapa?

Kunaingia pabaya. Kwenye kile kitanzi cha alfa-1 antitripsini kuna asidi amino ya methionini, nafasi ya 358. Moshi wa sigara huiunguza kwa oksijeni, na kizuizi hubaki kwenye damu lakini hakishiki tena elastasi vizuri. Wakati huo huo moshi huita nyutrofili nyingi zaidi mapafuni. Proteasi zinaongezeka, mzuiaji amelemazwa, na vifuko vya hewa vinaliwa kidogo kidogo. Havioti tena.

Wapo watu wanaozaliwa na upungufu wa kizuizi hiki. Carl-Bertil Laurell na Sten Eriksson waliueleza kwa mara ya kwanza huko Uswidi mwaka 1963. Unapatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo Malindi, yenye wakazi wengi wa Kiitaliano, ni mji ambao daktari anafaa kuukumbuka. Kiwango cha kawaida ni takriban gramu 0.9 hadi 2 kwa lita. Kosa la mara kwa mara ni kupima mtu akiwa na homa au nimonia: ini hupandisha kizuizi hiki wakati wa maambukizi, na mwenye upungufu wa wastani akaonekana mzima. Pima pamoja na CRP, protini ya damu inayopanda wakati wa maambukizi. CRP ikiwa juu, rudia mgonjwa akishapona.

Papai bichi linalainisha nyama ya mishkaki. Je, hiyo nayo ni proteasi?

Ndiyo. Utomvu mweupe wa papai bichi una papaini, proteasi ya kundi la sisteini. Papai lililoiva lina kidogo sana, ndiyo maana wapishi hulitafuta la kijani.

Kwa kilo 1 ya nyama iliyokatwa vipande vya sentimita 2 hadi 3, vijiko viwili vikubwa vya papai lililokunwa pamoja na ganda lake vinatosha, kwa saa moja hadi mbili. Ukiacha usiku kucha, nje ya nyama hugeuka uji na ndani inabaki ngumu ile ile, kwa kuwa papaini ni molekuli kubwa na haipenyi mbali. Kazi yake kubwa huifanya juu ya jiko, joto likipita kwenye nyuzi 60 hadi 70. Nyama ikiendelea kupata moto kimeng'enya hufa. Anayekuna mapapai mengi avae glavu, kwani utomvu hula ngozi ya vidole. Unga mkavu wa papaini ni hatari zaidi: wafanyakazi wa viwandani wamepata pumu kwa kuuvuta puani.

Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi atengeneze jeli ya jelatini, aigawe vikombe vitatu ikiwa imepoa lakini haijaganda. Kimoja akiache kitupu, kimoja atie papai bichi lililokunwa, kimoja papai lile lile lililochemshwa dakika 10. Avitie kwenye friji. Cha papai bichi hakitaganda, maana jelatini ni protini na inakatwa. Cha papai lililochemshwa kitaganda kama kile kitupu.

Papaini ina uhusiano gani na kingamwili?

Mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1959 Rodney Porter, Mwingereza, alitia papaini kwenye kingamwili za sungura, yaani protini za damu zinazoshika vitu kigeni. Zilikatika vipande vitatu vyenye ukubwa unaokaribiana: viwili vilishika kitu kigeni, cha tatu hakikushika chochote lakini kiliganda kuwa fuwele. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba kingamwili ina mikono miwili ya kushikia na mguu mmoja wa kuita msaada. Porter na Gerald Edelman wa Marekani walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1972.

Basi nikila papai, nanasi au vidonge vya vimeng'enya, kinga yangu itapanda?

Hapana. Papaini na bromelaini ni protini, na tumbo linazishughulikia kama protini nyingine. Hata kiasi kidogo kinachoponyoka kikaingia kwenye damu hukutana na alfa-2 makroglobulini, kizuizi kikubwa kinachofungasha proteasi yoyote kigeni na kuipeleka ini. Kula papai kwa vitamini A na C zake. Hilo ni jambo la kweli na linatosha. Anayekuuzia kopo la vidonge eti "vinasafisha damu na kuongeza kinga" anakuuzia kitu ambacho mwili wako umejengwa kukizuia.

Kuhusu papai kwenye vidonda: hospitali moja ya Banjul, Gambia, imelitumia lililopondwa kwa watoto walioungua, kuondoa nyama iliyokufa. Hiyo ilikuwa kazi ya hospitali. Nchini Marekani dawa za kupaka za papaini ziliamriwa ziondoke sokoni mwaka 2008 kwa sababu ya mzio mkali. Nyumbani usijaribu, hasa kwa mtu anayewashwa na glavu za mpira, kwani mzio wa mpira na wa papai mara nyingi huandamana.

Upupu unawasha kwa nini, na kwa nini Piriton haisaidii?

Nywele za upupu ni sindano ndogo zilizobeba mukunaini, proteasi ya kundi moja na papaini. Nywele ikichoma ngozi, mukunaini hukata kipokezi kiitwacho PAR2 kilichoko juu ya miisho ya neva na seli za ngozi. Kipokezi hicho kimeumbwa kikatwe: kikikatwa tu, hupiga kengele ya mwasho. Histamini, kemikali ya kawaida ya mwasho wa mzio, haihusiki sana, na ndiyo sababu dawa za kuzuia histamini hazifui dafu.

La kufanya ni kuondoa nywele. Usisugue, maana kusugua kunazivunja na kuzisukuma ndani. Bandika selotepu au plasta pana, bonyeza, bandua. Rudia kwa kipande kipya mpaka mwasho upungue. Kisha tiririsha maji mengi. Nguo zivuliwe bila kukung'utwa ndani ya nyumba, ziloweshwe maji ya moto peke yake, kwani joto kali huua kimeng'enya. Zikiingia jichoni, suuza kwa maji safi dakika 15 na uende hospitali. Watoto wanaochunga au kuokota kuni kandokando ya mashamba wafundishwe kuyatambua maganda yake ya rangi ya kahawia yenye manyoya.

Kwa nini pumu na mafua ya mzio ni mengi nyumba za mwambao?

Sababu mojawapo ni utitiri wa vumbi, mdudu asiyeonekana kwa macho anayeishi kwenye magodoro na mito. Hanywi maji, huyanyonya kutoka hewani. Hewa ikikauka chini ya asilimia 50 ya unyevu kwa muda mrefu hufa, lakini Amu au Malindi hewa haikauki hivyo kwa muda wa kutosha.

Kinyesi chake kina Der p 1, proteasi ya sisteini, ndugu ya papaini. Ikivutwa puani hukata protini zinazoshikanisha seli za njia ya hewa. Mlango ukishafunguka, yenyewe na vumbi jingine hupenya na kufikia seli za kinga zinazoanzisha mzio. Haya si madoa ya kawaida ya uchafu, ni uchafu wenye meno.

- Foshi na shuka zifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60 au zaidi. Maji baridi huondoa kinyesi kingi lakini utitiri wenyewe hubaki hai.
- Godoro, hasa la sufi, litolewe kwenye jua kali kwa saa kadhaa, ligeuzwe pande zote mbili, kisha likung'utwe nje na mtu asiye na pumu.
- Mto uvishwe mfuko wenye zipu unaofunga kabisa. Kuuvisha mto na kuliacha godoro wazi ni kazi bure.
- Dirisha lifunguliwe mchana. Chumba kinachofungiwa kiyoyozi usiku na kuachwa kibichi mchana hukuza utitiri na kuvu.

Sumu ya moma inahusianaje na haya?

Sumu ya moma imejaa proteasi za zinki. Zinakata utando unaoishikilia mishipa midogo ya damu, na damu huvuja. Nyama iliyo karibu hufa na malengelenge hutoka. Vizuizi vya mwili wetu huzidiwa nguvu. Katika damu ya nguchiro wa Asia na ya oposumu wa Amerika kumepatikana vizuizi maalumu vya proteasi hizi, na hivyo ni sehemu ya sababu ya ukakamavu wao.

Dawa ya sumu ya nyoka ni kingamwili za farasi. Viwanda vingi huzikata kwa pepsini ili kuondoa ule mguu wa kuita msaada na kubakiza mikono, kwa lengo la kupunguza mzio. Hata hivyo mzio hutokea, kwa hiyo adrenalini iwe tayari kwenye sindano kabla dawa haijaanza kutiririka: miligramu 0.5 kwa mtu mzima, ndani ya msuli wa paja. Dawa hiyo huzuia sumu ambayo bado inazunguka. Nyama iliyokwisha kukatwa hairudishi. Ndiyo maana saa za mwanzo ni muhimu, na ndiyo maana kufunga kamba ni kosa baya kwa moma: unaifungia sumu inayokata nyama mahali pamoja. Kiungo kifungwe banzi kisichezwe, pete na bangili zivuliwe, na mgonjwa apelekwe.

Mahali ambapo maabara haina vifaa vya kupima kuganda kwa damu kuna kipimo cha dakika 20. Mililita 2 za damu ya mshipa hutiwa kwenye chupa ya kioo iliyo mpya, safi na kavu, ikaachwa bila kuguswa dakika 20, kisha ikainamishwa mara moja. Ikimwagika kama maji, damu haigandi. Kinachokiharibu kipimo hiki ni chupa. Damu huanza kuganda kwa sababu proteasi zake huamshwa na uso wa kioo. Plastiki haiziamshi, na kioo kilichowahi kuoshwa kwa sabuni pia hakiziamshi. Muuguzi akitumia chupa hizo, mtu mwenye afya ataonekana mgonjwa. Jaribu kwanza kwa damu ya mtu mwenye afya.

Jambo la kutia moyo: unithioli, dawa ya zamani ya kuondoa madini ya sumu mwilini, huinyang'anya proteasi ya sumu zinki yake. Kidonge kinaweza kumezwa kijijini kabla ya safari ya hospitali. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust mjini Kilifi na Liverpool School of Tropical Medicine wameijaribu kwa watu wenye afya ili kupata kipimo salama. Bado si tiba ya kununua dukani.

Uso umevimba ghafla. Ni mzio au ni kitu kingine?

Angalia kama kuna vipele na mwasho. Uvimbe wenye vipele vinavyowasha, unaopanda kwa dakika, mara nyingi ni wa seli za masti, seli za kinga zinazohifadhi histamini. Uvimbe usiowasha, usio na vipele, unaojengeka kwa saa kadhaa na kukaa siku 2 hadi 5, mara nyingi ni wa bradikinini, kemikali inayofanya mishipa midogo ivujishe maji, na hapo proteasi ndizo mhusika mkuu.

Bradikinini hukatwa kutoka kwenye protini kubwa na proteasi iitwayo kalikreini. Kalikreini huzuiwa na kizuizi cha C1, ambacho pia huzuia mwanzo wa komplimenti. Anayezaliwa na upungufu wa kizuizi hicho huvimba midomo, mikono, matumbo, na hatari zaidi, koo. Kipimo cha bei nafuu cha kuanzia ni C4, protini nyingine ya komplimenti: kizuizi kikikosekana, C4 hukatwa ovyo na kiwango chake huwa chini.

Njia ya pili ni dawa za presha kama enalapril. Zinazuia ACE, proteasi inayoivunja bradikinini ikishamaliza kazi. Uvimbe wake huwapata zaidi watu weusi, na unaweza kuanza miezi au hata miaka baada ya kuzoea dawa, ndipo mgonjwa akalaumu kamba aliokula jana. Kikohozi kikavu kisichoisha kwa mtu wa enalapril kina asili moja na hilo. Aliyewahi kuvimba hivi asirudishiwe dawa yoyote ya kundi hilo maisha yake yote, na kadi yake iandikwe.

Kwa uvimbe wa bradikinini, adrenalini, haidrokotisoni na Piriton hazina nguvu. Zinazofaa kwa ule wa kurithi ni kizuizi cha C1 chenyewe, uniti 20 kwa kilo ya uzito kwa mshipa, au icatibant miligramu 30 chini ya ngozi. Lakini kama huna hakika ni upi, na pumzi inabana, choma adrenalini. Kukosea upande huo ni salama zaidi. Familia yenye ugonjwa wa kurithi inayoishi Faza, Pate au Kiwayu iweke dawa nyumbani, kwani boti ya kupitia mkondo wa Mkanda hungoja maji yajae na koo halingoji.

Kipimo cha triptasi kinachukuliwa lini?

Triptasi ni proteasi ya seli za masti, na kupanda kwake kwenye damu ni ushahidi kwamba seli hizo zimemwaga yaliyomo ndani ya vifuko vyake. Damu ya kwanza itolewe saa 1 hadi 2 baada ya dalili kuanza, isipite saa 4. Ya pili itolewe angalau saa 24 baada ya dalili zote kwisha. Zidisha ile ya pili kwa 1.2, jumlisha 2. Ya kwanza ikivuka jibu hilo, ilikuwa shambulio la seli za masti. Mfano: ya pili ni nanogramu 4 kwa mililita, mpaka wake ni 6.8. Watu wengi hupima mara moja tu na kuambiwa "ni ya kawaida" kwa kuwa haikufika 11.4, ilhali kwao ilikuwa imeongezeka maradufu. Na mzio wa chakula, kamba wakiwemo, mara nyingi hauipandishi. Jibu la kawaida haliufuti.

Kamba wakigeuka weusi, wameoza?

Si lazima. Huo weusi ni kinga ya kamba inayoendelea kufanya kazi baada ya yeye kufa. Kamba hana kingamwili. Akihisi kuvu au bakteria, proteasi za serini katika damu yake hukatana kwa zamu mpaka zinaamsha fenoloksidasi, inayotengeneza melanini nyeusi ya kumfungia adui ndani. Akiwa hai, vizuizi huibana kazi hiyo mahali pa jeraha tu. Akifa, vizuizi vinaelemewa, tezi ya chakula iliyoko kichwani inavujisha proteasi zake, na weusi huanzia kichwani na kwenye viungo.

Kwa wavuvi wa Ghuba ya Ungwana na Lamu: barafu ianze chomboni papo hapo, na kichwa kikitolewa mapema weusi unachelewa sana. Kugandisha hakuui kimeng'enya. Kamba wakiyeyuka kazi inaendelea pale ilipoachia. Kupika ndiko kunakoimaliza. Wafanyabiashara huwachovya kwenye sodiamu metabisalfaiti, gramu 12.5 kwa lita ya maji, dakika 1. Kuzidisha muda au dawa hakuongezi ubora, na mabaki ya salfaiti humshika vibaya mwenye pumu. Harufu ya amonia na nyama kulegea ndizo dalili za kuoza, wawe weusi au wasiwe.

Vizuizi vya proteasi katika ARV vinazuia proteasi zangu pia?

Vimelengwa kwenye proteasi ya HIV, ya kundi la asidi ya aspatiki, iliyoundwa na nusu mbili zinazofanana zenye asidi amino 99 kila moja. Bila hiyo, virusi vipya huzaliwa vichanga visivyoweza kuambukiza. Saquinavir ilikuwa ya kwanza kuidhinishwa, mwaka 1995. Siku hizi wengi huanza na dolutegravir, isiyo ya kundi hili, na vizuizi vya proteasi hushikwa kwa hatua ya pili.

Atazanavir miligramu 300 na ritonavir 100 humezwa mara moja kwa siku pamoja na chakula. Macho yakigeuka manjano bila homa wala maumivu, mara nyingi ni atazanavir kuzuia ini kutoa bilirubini, si ini kuharibika. Nenda upimwe lakini usiache dawa mwenyewe. Atazanavir huhitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke, hivyo omeprazole ya dukani huiharibia. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha mno, na daktari huweza kuibadilisha kwa rifabutini. Mwenye pumu anayevuta fluticasone aseme, kwani ritonavir huipandisha mwilini mpaka uso ukavimba.

Vijidudu navyo vinazijua mbinu hizi?

Vizuri mno. Bakteria wa kisonono na wa uti wa mgongo hutoa proteasi inayovunja IgA1, kingamwili ya utando wa ndani, kwenye shingo yake. Mabuu ya kichocho hutumia elastasi kutoboa ngozi ya anayeoga mtoni. Safura huzuia proteasi za kugandisha damu ili ipate kunyonya bila kukatizwa, na kupe wa ng'ombe na punda hufanya vivyo hivyo kwa mate. Minyoo jamii ya wale wa matende hutoa sistatini, kizuizi kinachoingia ndani ya seli zetu za kinga na kuzizuia zisikate vipande vya kuonyesha kwa seli T. Mnyoo mmoja anaishi miaka mwilini bila kufukuzwa, na hii ni sababu mojawapo. Dawa za matende zinapogawiwa kijijini, meza hata kama huna dalili.

Dang'a ina nini cha ziada?

Ina kingamwili, na pamoja nazo vizuizi vya tripsini, ili kingamwili zisisagwe tumboni mwa mtoto. Maziwa ya mama yana alfa-1 antitripsini kwa kazi hiyo hiyo. Kumkamulia chini mtoto maziwa ya siku za mwanzo ni kumnyima vyote viwili.

Kwa wafugaji: mwana-mbuzi wa kilo 3 apate takriban mililita 150 kwa mara ya kwanza, ndani ya saa 6, baada ya saa 24 utumbo wake haupitishi tena kingamwili. Dang'a ikichemshwa huganda, na kingamwili zake huwa zimekufa. Ukitaka kuipasha moto mpe ikiwa vuguvugu tu.

Soya na maharagwe yana vizuizi. Ni hatari?

Yakiwa mabichi au hayakuiva, ndiyo. Kizuizi cha tripsini cha soya humfanya mtoto ale protini bila kufaidika nayo, na kongosho lake lifanye kazi ya ziada. Mtoto aliyekosa asidi amino hana cha kutengenezea kingamwili. Uji wa lishe ndio unaotutia wasiwasi, kwa kuwa soya nyingi hukaangwa juu juu tu, zikawa na rangi nzuri nje na kizuizi kizima ndani, kisha zikasagwa. Chagua soya, zitie kwenye maji yanayotokota tayari, zichemke dakika 30, mwaga maji, pukusa maganda, anika mpaka zikauke kabisa, ndipo uzipeleke kinuni. Uji wenyewe nao uchemke vizuri. Maharagwe mekundu yaloweke saa 5 au zaidi, mwaga maji ya kulowekea, na yachemke kwa nguvu kwa dakika 30 kabla ya kupunguza moto.